Wakala anapokosea zana: dalili, vyanzo vyake na namna ya kurekebisha maelezo

Wakala wa akili mnemba ni programu inayotumia modeli ya lugha kufanya kazi kwa hatua, na zana ni funksheni za msimbo anazoruhusiwa kuziita. Akikosea kutumia zana, lawama ya kwanza huangukia modeli. Mara nyingi modeli inaonewa. Haioni msimbo wako, haijui majedwali ya hifadhidata yako, wala haikuwepo kikaoni mlipokubaliana kwamba oda "iliyofungwa" si sawa na oda "iliyofutwa". Inachokiona kabla ya kuamua ni jina la zana, maelezo yake na skima ya vigezo, yaani orodha ya taarifa za kujaza na umbo la kila moja, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa kanuni iitwayo JSON Schema. Ikishaita zana, inaona pia jibu ililorudishiwa. Chochote ambacho hukukiandika mahali hapo, kwake hakipo.

Ndivyo ilivyo tangu OpenAI walipoweka uitaji wa funksheni kwenye API yao (njia ambayo programu nyingine huitumia modeli) mwezi Juni 2023, na itifaki ya MCP (Model Context Protocol, kanuni ya pamoja ya kuunganisha wakala na zana) iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024 haikubadilisha msingi huo. Seva, yaani programu inayotoa zana, hutangaza zana zake, na maandishi ya tangazo hilo huingia kwenye muktadha wa modeli (maandishi yote inayoyasoma kabla ya kujibu) pamoja na mazungumzo. Kwa hiyo maelezo ya zana ni sehemu ya programu inayofanya kazi, na yanastahili kupimwa na kurekebishwa kama msimbo wowote.

Kabla ya kubadilisha hata neno moja, fungua kumbukumbu ghafi za mazungumzo yaliyoharibika na uyafuate tangu mwanzo. Wakala aliita zana au hakuita? Aliita ipi? Alijaza nini kwenye vigezo? Alirudishiwa nini, na akakifanyia nini? Tafuta hatua ya kwanza iliyopotoka, kwa sababu kosa linaloonekana mwishoni aghalabu ni mtoto wa kosa lililotangulia. Kisha angalia orodha ya zana kama ilivyoifikia modeli, si kama ilivyo kwenye faili zako. Maktaba nyingi za Python huchukua maelezo kutoka kwenye maandishi yaliyo mwanzoni mwa funksheni. Msanidi akiyaacha matupu, huenda modeli ikabaki na jina na vigezo tu. Kasoro hiyo hugunduliwa kwa dakika moja ukiangalia ombi lenyewe, lakini usipoangalia utahangaika nayo wiki nzima.

Wakala haiti zana, anajibu kwa kukisia

Mtumiaji anauliza, "Oda yangu imefika wapi?" Wakala anajibu kwa adabu kwamba oda kwa kawaida huchukua siku chache. Zana ya kuangalia hali ya oda ipo, na haikuguswa.

Chanzo kikubwa ni maelezo yanayosimulia kinachotokea ndani ya zana badala ya haja inayomleta mtu kwake. "Huendesha hoja kwenye jedwali la oda" ni kweli, ila hakuna mtumiaji anayezungumza hivyo. Modeli hulinganisha maneno ya mtumiaji na maandishi uliyoipa, basi maandishi hayo yabebe haja. Linganisha haya mawili:

"Hupata data ya oda."

"Hurudisha hali ya sasa ya oda moja: imepokelewa, inaandaliwa, imesafirishwa au imefikishwa. Itumie kila mteja anapouliza oda, mzigo au kifurushi chake kiko wapi, kitafika lini, au kwa nini kimechelewa. Hali hubadilika wakati wowote, hivyo usijibu bila kuita zana hii. Inahitaji namba ya oda. Kama mteja hajaitaja, anza na tafuta_oda_za_mteja."

Ya pili inasema zana inatoa nini, inahitajika lini, kwa nini kukisia hakutoshi, na nini kitangulie. Nyaraka za Anthropic hushauri angalau sentensi tatu au nne kwa kila zana, na zaidi pale zana inapokuwa tata. Naona ushauri huo ni wa kiwango cha chini kabisa.

Sababu ile ya kutokukisia ina uzito wake wa pekee. Modeli imesoma mengi, na kwa mambo kama viwango vya kubadilisha fedha, bei au matoleo ya programu, hujiona inajua. Ukiiambia kwamba taarifa hizo hubadilika na kwamba zana ndiyo yenye za leo, mara nyingi dalili hii huisha hapo hapo. Ikibaki, soma maelekezo ya mfumo, yaani maagizo ya jumla anayopewa wakala kabla ya mazungumzo: huenda kuna sentensi ya zamani inayosema "jibu kwa haraka bila hatua za ziada", nayo ndiyo inayotiiwa.

Anachagua zana isiyo yake

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo timu nyingi huongeza maneno mahali pa kupunguza zana.

Chukua mfumo wenye zana tatu: pata_mteja, tafuta_mteja na orodhesha_wateja. Aliyeziandika anajua kwamba ya kwanza hutaka kitambulisho kamili, ya pili hukubali kipande cha jina au barua pepe, na ya tatu ni ya ripoti. Maelezo yake yanasema "Hupata taarifa za mteja", "Hutafuta taarifa za wateja" na "Huonyesha wateja". Hakuna mtu wala modeli inayoweza kuchagua kwa uhakika hapo. Jaribu hivi: ficha msimbo, mpe mwenzako asiyeujua mfumo maelezo hayo matatu pamoja na maswali halisi ya watumiaji, umwombe ataje zana ya kila swali. Akisita, wakala naye atasita, isipokuwa wakala hatakuambia kwamba amesita. Atachagua tu.

Swali la kwanza ni kama zana hizo zinahitaji kuwa tatu. Zana mbili zinazotofautiana kwa kigezo kimoja ziunganishwe: tafuta_mteja inayokubali kitambulisho, jina au barua pepe inatosha, na tatizo la kuchagua linatoweka bila kuandika aya ya maonyo. Mwongozo wa OpenAI unapendekeza funksheni zilizo mbele ya modeli kwa wakati mmoja ziwe chini ya 20, ingawa wenyewe wanasema hilo ni pendekezo tu. Mimi nachukulia mfanano kuwa mzigo mkubwa kuliko idadi. Zana thelathini zilizotengana waziwazi huleta shida ndogo kuliko zana tano zinazogombea swali moja.

Muunganiko nao una mwisho. Ukizikusanya zote kwenye zana moja iitwayo simamia_wateja yenye kigezo cha "kitendo" na thamani kumi, umehamisha mkanganyiko kutoka kwenye kuchagua zana kwenda kwenye kujaza vigezo: hiki ni lazima ikiwa kitendo ni "hariri", kile hakiruhusiwi ikiwa ni "futa". Skima za namna hiyo ni ngumu kuzieleza na rahisi kuzikosea. Unganisha vitendo vya aina moja, kusoma na kusoma. Kusoma na kufuta viachwe mbali.

Zana zinazobaki jirani zichorewe mpaka, na mpaka uandikwe pande zote mbili. Kosa la kawaida ni kuandika "usitumie hii kwa marejesho ya fedha" kwenye zana ya malipo, huku zana ya marejesho ikiwa haisemi lolote kuhusu malipo. Kosa jingine ni katazo lisilo na njia ya kutokea. "Usitumie kwa marejesho" humwacha wakala njia panda; "kwa marejesho ya fedha tumia rejesha_malipo" humwonyesha pa kwenda.

Ikiwa umeunganisha seva kadhaa, angalia majina. Seva ya tiketi na seva ya nyaraka zote zinaweza kuleta zana iitwayo "tafuta". Kiambishi cha mwanzo, kama tiketi_tafuta na nyaraka_tafuta, humsaidia wakala kabla hajasoma hata sentensi moja ya maelezo.

Vigezo vinajazwa visivyo

Zana ni sahihi, ombi ni bovu. Pitia kigezo kimoja kimoja na ujiulize swali ambalo kwa maoni yangu hupuuzwa kuliko yote: wakala ataitoa wapi thamani hii? Kwa mtumiaji? Kwenye jibu la zana nyingine? Kwenye chaguo-msingi? Kama huna jibu, wakala naye hana, na kigezo kikiwa cha lazima ataibuni. Hilo ndilo chimbuko la vitambulisho vya kubuni ambavyo watu huviita ukorofi wa modeli.

Kigezo kiitwacho "mteja" kitajazwa jina la mtu, kwa sababu ndivyo jina lake linavyoalika. Kiite kitambulisho_cha_mteja, kisha useme: "Huanza na MT- na kufuatiwa na tarakimu. Hupatikana kwenye jibu la tafuta_mteja. Usikibuni na usitumie jina la mteja mahali pake." Na pale thamani inapojulikana tayari na mfumo, kwa mfano kitambulisho cha mtumiaji aliyeingia, iondoe kabisa kwenye skima na uijaze kwenye msimbo. Umepunguza kosa, na kubwa zaidi, umeizuia modeli isiwe ndiyo inayoamua akaunti ya nani isomwe.

Tarehe huleta matatizo mengi kwa sababu JSON haina aina ya tarehe. Kinachotumwa ni mfuatano wa herufi. "03/04/2025" ni tarehe 3 Aprili kwa mmoja na tarehe 4 Machi kwa mwingine. Taja muundo wa ISO 8601, yaani mwaka, mwezi, siku, kama 2025-04-03, na useme saa ni za ukanda upi. Kama watumiaji husema "jana" au "wiki iliyopita", hakikisha wakala anaijua tarehe ya leo, maana maelezo bora kabisa ya kigezo hayawezi kumpa tarehe ambayo haimo kwenye muktadha.

Vipimo vitajwe kwenye jina lenyewe. "muda: 30" ni sekunde, dakika au milisekunde? muda_kwa_sekunde haina utata. Vivyo hivyo kwa kiasi cha fedha: sema kama namba ni ya sarafu nzima au ya senti, la sivyo siku moja mtu atatozwa mara mia.

Thamani zinazojulikana ziwekwe kwenye skima kama orodha funge, zisibaki ndani ya sentensi. Ukiandika tu "hali inaweza kuwa wazi, imefungwa na kadhalika", hiyo "na kadhalika" ni mwaliko wa kubuni. Kigezo cha hiari nacho kieleze kinachotokea kisipojazwa: "Kisipotajwa, hurudisha oda za siku 30 zilizopita." Bila hivyo, wakala mmoja atakiacha na mwingine atakijaza chochote, kwa swali lilelile.

Mifano ndani ya maelezo husaidia sana, lakini huambukiza. Ukiweka MT-00123 kama mfano, usishangae kukuta ombi lenye MT-00123 kwenye kumbukumbu. Toa mifano miwili inayotofautiana, au eleza umbo kwa maneno, na uache msimbo ukatae thamani za mfano.

Usiache ulinzi wa muundo ukufanye uamini kila kitu kimepona. Tangu Agosti 2024 API ya OpenAI inaweza kuhakikisha kwamba vigezo vinafuata skima kikamilifu, na wengine wana njia za aina hiyo. Hilo huzuia herufi mahali pa namba. Halizuii tarehe yenye umbo sahihi ya mwezi usio sahihi. Umbo ni kazi ya skima. Maana bado ni kazi ya maelezo.

Anarudia ombi lilelile, au anakata tamaa mapema

Ukiona wakala ameita zana mara tano kwa vigezo vilevile, soma alichorudishiwa. Utakuta "Hitilafu 400", au orodha tupu isiyo na neno. Ujumbe wa hitilafu ni mwendelezo wa maelezo ya zana: ni maandishi ambayo modeli inayasoma pale pale ilipokwama, kwa hiyo yana nguvu kuliko onyo lililoandikwa mbali huko juu.

Badala ya "Ombi batili", rudisha: "Namba ya oda ina tarakimu 8, uliyotuma ina 7. Mwombe mteja aihakiki, au tumia tafuta_oda_za_mteja kwa barua pepe." Badala ya orodha tupu, rudisha: "Hakuna oda iliyopatikana kati ya 2025-04-01 na 2025-04-30 kwa mteja huyu. Utafutaji umekamilika bila hitilafu." Sentensi ya mwisho ni muhimu, kwa kuwa bila hiyo wakala hawezi kutofautisha "hakuna" na "imeshindikana", naye atamwambia mteja mojawapo bila ushahidi.

Tenganisha pia hitilafu ya kupita na ya kudumu. "Huduma ina shughuli nyingi, jaribu tena baada ya sekunde 10" na "Huna ruhusa ya kuona akaunti hii, usijaribu tena" zinataka mienendo miwili tofauti, na wakala hawezi kuijua kwa namba ya hitilafu pekee. MCP imelizingatia hili: hitilafu za utekelezaji wa zana hurudishwa ndani ya jibu zikiwa na alama yake, ili modeli izione na kujirekebisha. Seva inayozimeza hitilafu hizo na kurudisha jibu tupu inamnyima wakala nafasi hiyo.

Jibu la zana ni sahihi, wakala analisoma vibaya

Mteja ana oda 340, zana inarudisha 20 za kwanza, wakala anatangaza kwamba mteja ana oda 20. Maelezo yaseme kwamba matokeo hukatwa, na jibu lenyewe libebe jumla: "Zimeonyeshwa 20 kati ya 340." Sehemu hizo mbili zifanye kazi pamoja, nimependelea daima kuiweka taarifa kwenye jibu hata kama imeshasemwa kwenye maelezo.

Namba za ndani kama "hali: 3" zigeuzwe maneno kabla hazijatoka. Ondoa pia sehemu ambazo hakuna anayezihitaji, kwa sababu jibu refu hula muktadha na kuficha lile neno moja lililotafutwa.

Amefanya jambo lisilorudishika

"Huondoa faili" inaweza kumaanisha kuitoa kwenye orodha, kuipeleka kwenye pipa la taka au kuifuta moja kwa moja. Andika athari waziwazi: "Hufuta faili kabisa, haiwezi kurejeshwa. Iite tu baada ya mtumiaji kuthibitisha jina la faili katika mazungumzo haya." MCP ina alama za kuonyesha kwamba zana husoma tu au huweza kuharibu. Zitumie, ukijua kwamba ni vidokezo tu na kwamba programu inayoziunganisha zana na wakala haipaswi kuzitegemea zikitoka kwa seva usiyoiamini.

Hapa lazima niseme kwa mkazo: maelezo hayafungi mlango. Sentensi ya "thibitisha kwanza" hupunguza uwezekano wa ajali, haiumalizi. Ufutaji, malipo na utumaji wa ujumbe kwa watu wengi viwekewe uthibitisho na ukomo wa ruhusa ndani ya msimbo, mahali ambapo hakuna maneno ya mtu yanayoweza kuvipita. Anayelinda data za watu kwa aya ya maelezo peke yake anawaweka hatarini watu ambao hawakuulizwa.

Maelezo yamerefuka, makosa hayajapungua

Kila ajali imeacha sentensi yake: "LAZIMA", "KAMWE", "MUHIMU SANA", hadi maelezo yamekuwa rundo la maonyo. Gharama yake ni ya kila mara, kwa sababu maelezo ya zana huhesabiwa kama tokeni (vipande vya maandishi vinavyotumika kupima matumizi ya modeli) katika kila ombi, hata zana isipoitwa. Na kila kitu kikipigiwa kelele, hakuna kinachosikika. Modeli inayotii sana huanza kuita zana hata pasipo haja kwa sababu imeambiwa "LAZIMA uitumie". Andika upya tangu mwanzo: zana inatoa nini, lini itumike, lini isitumike na badala yake nini, vigezo vinatoka wapi, jibu lina mipaka gani. Yaliyokwisha kusemwa na skima yaondoke. Sera za kampuni zihamie kwenye maelekezo ya mfumo.

Jana ilifanya kazi, leo haifanyi

Angalia kilichobadilika: toleo la modeli, zana mpya iliyoingia jirani na ya zamani, au maelezo yaliyohaririwa na mtu aliyedhani anasahihisha lugha tu. Maelezo yahifadhiwe kwenye mfumo wa matoleo kama msimbo, na kila badiliko lipitiwe na mtu wa pili. Kwa seva za watu wengine, kumbuka kwamba maelezo yao huingia kwenye muktadha wako na yanaweza kubadilika bila wewe kugusa kitu. Tayari inajulikana kwamba mtu mwenye nia mbaya anaweza kuficha amri ndani ya maelezo ya zana ili wakala atoe siri. Yasome kabla ya kuyaruhusu, na uyalinganishe kila yanaposasishwa.

Kuhakiki marekebisho

Kusanya maswali halisi kutoka kwenye kumbukumbu, ukiondoa taarifa za watu, na uandike kando ya kila swali zana na vigezo vinavyotarajiwa. Yawemo maswali yasiyohitaji zana yoyote, maana bila hayo utarekebisha uvivu wa kuita na kuzalisha pupa ya kuita bila kujua. Rekebisha maelezo ya zana moja kwa wakati, endesha maswali yote na si yale yaliyoharibika tu, kwani zana uliyoing'arisha inaweza kuanza kunyakua maswali ya jirani yake. Endesha kila swali mara kadhaa. Modeli haitoi jibu lilelile kila mara, na kufaulu mara moja hakuthibitishi kitu. Ikiwa mwenzako anachagua sawasawa kwa kusoma maandishi yaleyale na wakala bado anakosea, acha kuhariri sentensi. Badilisha umbo la zana yenyewe: punguza vigezo, igawe, au iunganishe na jirani yake, kisha uandike maelezo mapya ya umbo hilo.